Nani Hulipa Gharama ya Imani Yetu?

Katika makanisa yetu ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita, upo ushuhuda unaozidi kusikika siku za Jumapili. Kijana anasimama mbele ya waumini na kusema kwamba ameacha kazi ya kuajiriwa, au ameikataa kabla hajaianza, ili aanzishe shughuli yake mwenyewe. Anasema amefanya hivyo kwa imani. Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, na ibada inaendelea. Mara chache sana mtu huuliza swali linalopaswa kufuata: imani katika nini, na kwa gharama ya nani?

Swali hili linatuhusu. Sisi ni watatu, tuliosoma sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma na kurudi nyumbani Kahama. Mwenye shahada kama yetu huku kwetu huona njia mbili. Ya kwanza ni mgodi mkubwa, au kampuni zinazouhudumia mgodi: mtu anatunza mitambo ya mawasiliano, anasimamia kumbukumbu za ghala, anapata mshahara kila mwisho wa mwezi, bima ya afya na michango ya hifadhi ya jamii. Ya pili ni kukodi fremu mjini na kuandika programu za watu wadogo: maduka ya dawa za mifugo, vikundi vya kuweka na kukopa, mashine za kukoboa mpunga, wachimbaji wa madini. Sisi tulichagua ya pili. Hatuandiki ili kumsifu aliyechagua kama sisi, wala kumlaumu aliyechagua tofauti. Tunaandika kwa sababu tumeona neno "imani" likibebeshwa mzigo usio wake, na mzigo huo mara nyingi huishia mabegani mwa mtu ambaye hakuulizwa.

Tuanze na mahali tunapoishi, kwa maana mahali hufundisha. Ardhi yetu inafundisha bahati. Mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, watu wa huku walikuwa wameshachimba dhahabu kwa sururu na moko kwa miaka mingi. Mpaka leo, habari ikivuma kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, watu huacha mashamba na kukimbilia kwenye rashi. Katika duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, kuna mwenye eneo, kuna anayegharamia chakula na mafuta, na kuna vijana wanaoshuka chini. Vijana hao hawana mshahara. Hulipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, na mawe hayo yanaweza kuwa na dhahabu au yasiwe na kitu. Mtu anaweza kuchimba miezi sita bila kupata chochote, na mwezi wa saba akanunua nyumba. Wote tunamjua aliyenunua nyumba. Waliorudi kijijini mikono mitupu hakuna anayewataja.

Mahali penye maisha ya namna hii, mtu hutafuta cha kumhakikishia kesho. Wengine huenda kwa mganga kutafuta nyota. Wengine huja kanisani kutafuta kitu hicho hicho kwa jina jingine. Mchungaji akisema kwamba Mungu atafungua milango, msikilizaji aliyelelewa katika rashi husikia kwamba leo ndiyo zamu yake ya kukuta mshipa wa dhahabu. Maneno ni ya kanisa, lakini masikio ni ya duara. Hapo ndipo imani na bahati nasibu zinapoanza kufanana mpaka mtu hawezi kuzitenganisha.

Tunajua fikra hiyo inaweza kufika wapi. Kuanzia miaka ya 2000 kuelekea mwisho wake, watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu kuna waliodanganywa kwamba kiungo cha mwanadamu huleta utajiri. Watoto walitolewa majumbani kwao na kupelekwa mahali pa usalama, na Buhangija, katika mji wa Shinyanga, ikawa kimbilio la wengi wao. Hatulitaji jambo hili ili kumfananisha kijana aliyefungua ofisi na muuaji. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha, kwa ukatili wote, mantiki ya bahati inapoachwa iende mpaka mwisho: mafanikio yangu yapo, na atakayeyalipia ni mwingine. Kama kanisa tuliulaani uovu huo, na tulifanya vema. Lakini mantiki yake ina matawi madogo yasiyomwaga damu, na hayo tunayapigia makofi.

Tunaona kwamba tofauti ya imani na kamari haiko katika ukubwa wa hatari. Ibrahimu alihatarisha mengi. Tofauti iko katika nani analipa. Katika 2 Samweli sura ya 24, mfalme Daudi anataka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna. Arauna, kwa heshima, anataka kumpa yote bure: kiwanja, ng'ombe na kuni. Daudi anakataa. Hawezi kumtolea Bwana sadaka ambayo yeye mwenyewe haikumgharimu kitu, kwa hiyo ananunua. Kwa Daudi, sadaka inayolipiwa na mtu mwingine bado si sadaka yake. Na katika Mathayo sura ya 4, Yesu anaambiwa ajitupe kutoka kwenye kinara cha hekalu, malaika watampokea. Maandiko yananukuliwa ili aamini kwamba kuruka ndiko kuamini. Anakataa, kwa sababu kumlazimisha Mungu aokoe ni kumjaribu. Vijana wengi wanaoacha kazi "kwa imani" wanahimizwa waruke kutoka kinarani, na anayewapokea chini si malaika. Ni mama mzazi.

Huyo mama tunamjua. Mmoja wetu alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi, na pale mkopo ulipopungua, kwa ng'ombe wanne na pamba ya misimu mitatu. Kwa Msukuma ng'ombe si nyama tu. Ni akiba, ni mahari, ni dawa siku ya ugonjwa. Anayeuza ng'ombe kumsomesha mtoto amehamisha akiba ya ukoo mzima na kuiweka ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Mtu huyo akirudi na shahada, ukoo unasubiri ng'ombe wazae. Akisema kwamba Mungu amemwambia asiajiriwe, anatumia akiba ya watu wengine, hata kama jasho ni lake. Na deni la Bodi linabaki palepale: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, naye aliyejiajiri hajasamehewa kwa kuwa hana mwajiri wa kumkata.

Kabla hatujakodi fremu, tulikwenda kwa wazazi wetu, nyumba moja baada ya nyingine. Tuliwaeleza kwamba huenda tusilete fedha nyumbani kwa mwaka mmoja na nusu, na kwamba muda huo ukiisha bila matunda, tutaomba kazi. Baba mmoja alituuliza kodi ni kiasi gani, tukamwambia. Mama wa mwenzetu alikaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, mimi siwakatazi. Lakini kamwambieni wenyewe mdogo wenu kwamba atasubiri." Mdogo huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kwenda chuo cha uuguzi. Tulimwambia. Aliuliza swali moja tu: "Kaka, ni mwaka mmoja au miwili?" Alisubiri mwaka mmoja, akiuza nyanya sokoni. Sasa yuko chuoni, na tunamshukuru Mungu. Hata hivyo mwaka ule ulikuwa wake, na hatuna namna ya kumrudishia. Tukisimama kanisani kutoa ushuhuda, jina lake linapaswa kutangulia majina yetu.

Kristo mwenyewe alitufundisha hesabu hii. Katika Luka sura ya 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama. Wako wanaodhani kuhesabu ni upungufu wa imani. Lakini aliyetoa mfano huo ndiye anayetuita kumfuata, na hesabu ameiweka ndani ya wito wenyewe. Sisi tungeongeza kwamba mjenzi akihesabu, ahesabu pia mifuko ya watu wengine ambayo mnara wake utaifungua.

Je, basi, kuajiriwa ni salama na kujiajiri ni hatari? Ukanda huu hauturuhusu kusema hivyo kwa urahisi. Mgodi wa Buzwagi, pale pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafika mwisho. Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi, na kabla mwaka haujaisha Bulyanhulu ilikuwa imepunguza shughuli na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Hawakuwa wazembe, wala imani yao haikuwa haba. Mwamba una mwisho wake, na uamuzi unaofanyika Dodoma au ughaibuni unaweza kuufuta mshahara wa mtu wa Bugarama. Anayeutegemea mgodi kama mwamba wa wokovu wake, naye anacheza kamari, ila ya polepole.

Wala kuajiriwa si kukosa imani. Yusufu alikuwa mtumishi katika nyumba ya Farao, na njaa ya mataifa ikapata jibu kwenye maghala aliyoyasimamia. Danieli alikuwa ofisa wa Babeli. Paulo, kwa upande wake, alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, kama tunavyosoma katika Matendo sura ya 18, na mahema hayo yalimpa uhuru wa kuhubiri bila kumlemea mtu. Mungu aliwatumia wote, wenye bwana na wasio na bwana. Tulipokuwa tukipanga shughuli yetu tulikuwa wanne. Wa nne alichukua kazi mgodini, kwa sababu baba yake husafishwa figo Bugando, na bima ya mwajiri inamruhusu kumwandikisha mzazi. Kuna waliomwambia kwamba alikosa ujasiri. Sisi tunaona kwamba kati yetu wanne yeye ndiye aliyefanya uamuzi ulio wazi kuliko wote: alijua nani angelipa, akakataa huyo asiwe baba yake.

Mara nyingi tunaletewa mfano wa John Williamson. Alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada, akaacha kufanyia kampuni kazi, akatafuta almasi kwa miaka katika nchi yetu, mara nyingi kwa fedha za kukopa, mpaka mwaka 1940 alipoipata Mwadui. Almasi ya rangi ya waridi kutoka shimo lake ilitolewa zawadi kwa binti mfalme wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Ni habari ya kusisimua, na watoa semina wanaipenda. Lakini habari ya aliyepata haituambii la kufanya. Wako waliotafuta kwa bidii ile ile wakakosa, na Mungu hakuwapenda kidogo.

Tunapendelea mfano wa mtu mwingine aliyepita Mwadui. Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Katika ujana wake alifanya kazi Mwadui, kwenye kampuni ya Williamson. Baadaye alikwenda Mwanza, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Wakati huo wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na kilio kimoja kikubwa: mizani. Mkulima alifika na mzigo wake kwa mnunuzi, na mizani ya mnunuzi ndiyo iliyosema una kilo ngapi. Wakulima wakaweka wapimaji wao waliowaamini. Kutoka kwenye vyama vyao vidogo, mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ulioitwa VFCU, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Kilichotuvutia kwa Bomani si kwamba aliacha mshahara wa kampuni. Ni alichokwenda kufanya: alijiunga na watu waliotaka kipimo cha haki, na waliolipia kazi hiyo ndio waliokuwa wakinufaika nayo. Tusifiche pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 muungano huo nao ulilaumiwa kwa ubadhirifu, na serikali ikaingilia kati. Mizani ya haki hailindwi na sifa za waanzilishi. Kila msimu inahitaji kukaguliwa upya.

Jambo hilo lilitufikia mezani. Mwenye duara mmoja alikuja kutaka programu ya kuandika mifuko inayotoka shimoni, mafuta yanayotumika, na mgao wa kila mtu. Kazi nzuri, kwa maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulipokaribia kumaliza, alitaka kitu cha ziada: daftari mbili ndani ya programu moja. Moja ya kwake, yenye hesabu ya kweli. Nyingine ya kuwaonyesha vijana, yenye gharama zilizoongezwa, ili mgao wao upungue. Kwa mtu wa kompyuta ni kazi ya siku mbili. Fedha aliyoahidi ingelipa kodi ya fremu yetu kwa miezi mitatu, na wakati huo tulikuwa tumebakiwa na ya mwezi mmoja.

Mithali sura ya 11 inaanza na mizani: ile ya udanganyifu inamchukiza Bwana, na kipimo kilicho sawa ndicho kinachompendeza. Tumesikia maneno hayo tangu shule ya Jumapili, tukayaelekeza kwa wauza sukari na wanunuzi wa pamba. Siku ile tuliona kwamba sisi ndio tunaotengeneza mizani ya siku hizi. Zamani kijana aliweza kuona jiwe limewekwa chini ya mizani. Sasa jiwe liko ndani ya programu, na anayeliweka anajua kwamba aliyeshuka mita sitini chini ya ardhi hatalijua kamwe. Tulikataa, tukamrudishia malipo yake ya awali, na mwezi uliofuata mmoja wetu akaendesha boda boda usiku ili tusifukuzwe kwenye fremu.

Tunaamini kwamba hapo ndipo imani yetu ilipojaribiwa, si siku ile tulipoamua kutoomba kazi. Kuikataa ajira kulikuwa uamuzi wa kibiashara wenye sala ndani yake, na mpagani mwenye akili angeweza kuufanya. Kukataa daftari ya pili kulihitaji kuamini kwamba Mungu huona chini ya shimo, na kwamba anatosha hata kodi isipolipika. Mwenzetu wa mgodini naye hukutana na siku yake: anapoombwa abadilishe kumbukumbu za ghala ili mafuta yapotee bila kuulizwa. Swali linalomkuta yeye na sisi ni moja. Kwenye dawati lake au kwenye fremu yetu, nani ataumia ili sisi tupate nafuu?

Kwa sababu hiyo tunaomba mambo matatu kwa makanisa yetu. La kwanza, kijana akija kusema anaacha kazi kwa imani, wazee wakae naye kabla ya makofi, wamwulize ni nani watakaobeba mzigo naye, na kama watu hao wameambiwa wakakubali. Mzigo uliokubaliwa unaweza kuwa sadaka ya familia nzima. Uliofichwa ni wizi, hata ukiimbiwa pambio. La pili, kanisa lililompigia makofi libebe sehemu ya gharama. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga kiasi kwa ajili ya ada ya mdogo wake anayesubiri, na mfanyabiashara muumini anaweza kumpa kazi ya kwanza na kuilipa kwa wakati. Ni rahisi kuombea biashara ya kijana na kumcheleweshea malipo yake miezi minne. Wanaofanya yote mawili tunawafahamu. La tatu, aliyeajiriwa naye apewe nafasi ya kushuhudia. Kaka anayelipa ada za wadogo zake wanne kwa mshahara wa mgodi ana habari za Mungu za kutusimulia.

Hatujui kama shughuli yetu itafika mbali. Wateja wetu ni wachache, umeme ukikatika tunangoja, na mara mbili tumepunguza tunachojilipa. Ikikua, haitakuwa ushahidi kwamba tuliamini kuliko wengine. Ikifa, tutaomba kazi, na tutakwenda kanisani Jumapili ile ile tukiwa na Bwana yule yule. Tunachomwomba ni hiki: siku ya hesabu, iwe ya TRA au ile kubwa ya mwisho, akifungua kitabu chetu akute ni kimoja tu, na asikute ndani yake mtu yeyote aliyelipishwa imani yetu bila kujua.